Paketi 50 za dagaa na rejesho la Ijumaa

Niliandika ubaoni: Deni ni nini? Nikategemea majibu ya kukariri, yale ya "deni ni fedha au mali ambayo mtu amechukua na hajalipa". Mtoto mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hana kawaida ya kunyoosha kidole, akasema: "Mwalimu, deni ni kusema mama hayupo."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, na mimi nikaona nisicheke. Mtaani kwetu hapa Ujiji wanaokopesha kwa mtindo wa kausha damu, mikopo midogo ya riba kubwa, hupita asubuhi na mapema na madaftari yao kwapani, na anayetumwa mlangoni kusema mama ametoka ni mtoto.

Basi watoto wa darasa la sita hawaji shuleni wakiwa weupe kuhusu mikopo. Wanaijua kwa upande mmoja, upande wa mlangoni. Upande wa pili hakuna aliyewahi kuwaonyesha: kwamba duka wanalotumwa chumvi limejaa bidhaa ambazo mwenyewe bado hajazilipia, na kwamba ule mtumbwi wenye injini mpya huenda bado unafanya kazi ya kulipa injini yake. Nilitaka kuwaonyesha huo. Nikakosea, na kosa langu likafundisha kuliko mpango wangu, kwa hiyo nitalieleza na hesabu zake zote. Nafundisha hisabati, nikificha hesabu sitabaki na kitu.

Tulivyoanza

Klabu yetu ya shuleni ina watoto 22 na hukutana Alhamisi jioni. Wazo lilikuwa dogo: tukope, tununue dagaa wakavu Kibirizi, kule ufukweni mwa ziwa, tuwafunge paketi za gramu 100, tuwauze shuleni na mtaani, tulipe, tuone kinachobaki. Dagaa nilichagua kwa sababu hapa Kigoma hakuna mtoto asiyewajua. Anajua wa kwenye kichanja na wa kuanikwa mchangani, na anajua yupi utasaga naye meno.

Mkopeshaji alikuwa kikundi cha kuweka na kukopa cha walimu wa shule, kile chenye sanduku la bati na kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Watoto walilipenda sanduku kuliko kitu chochote. Waliomba lifunguliwe mbele yao, wakahesabu kufuli, wakauliza mmoja wa wenye funguo akisafiri inakuwaje. Nikajibu kwamba hapo hata mwenye shida ya kweli atasubiri, na ndiyo maana ya kufuli tatu. Kikundi kimesajiliwa halmashauri, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyovitaka vikundi vya namna hii, na kina fomu yake ya mkopo. Niliijaza mimi kwa jina langu. Chini ya Sheria ya Mikataba mtu ambaye hajafikisha miaka 18 hawezi kujifunga kwa mkataba, na niliwaambia hivyo waziwazi.

"Kwa hiyo tukishindwa anadaiwa mwalimu?" akauliza mweka hazina wa klabu.

"Ndiyo."

Akafikiri kidogo. "Basi wewe ni mdhamini, lakini umeandikwa mkopaji." Ana miaka 12. Nimekaa kwenye vikundi miaka mingi na wapo watu wazima waliotia saini kumdhamini jirani bila kuelewa tofauti hiyo mpaka siku walipofuatwa kazini.

Mkopo ulikuwa shilingi 120,000. Riba asilimia 5 kwa mwezi, yaani 6,000. Kulipa wiki nne, kila Ijumaa 31,500: mtaji 30,000 na riba 1,500. Hivyo ndivyo fomu ya kikundi ilivyo na sikuigusa. Naomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo.

Jumamosi ya kwanza ya Februari 2025 nilikwenda Kibirizi na watoto watano na mzazi mmoja, daladala mpaka Mwanga, halafu bajaji. Mama tuliyenunua kwake aliweka dagaa kwenye mizani, akaondoa, akarudisha kiganja kimoja juu kama nyongeza, halafu akawauliza watoto, si mimi: "Wanangu, mnalipa taslimu au mnachukua mali kauli?"

Wakanitazama. Nikajibu haraka, "Taslimu, mama," nikatoa noti. Nilidhani nawaonyesha ustaarabu. Kumbe nilikuwa nimepitwa na somo zima: pale ufukweni mtu alikuwa tayari kutukopesha bidhaa yenyewe, tulipe tukishauza, na mimi nikamfungia mlango kwa sababu mfukoni nilikuwa na fedha ya kukopa kwingine.

Kilo tano kwa 20,000 zikawa 100,000. Vifungashio, mishumaa ya kuziba na nauli vikala 12,000. Tukabaki na 8,000 kwenye kopo la maziwa tulilolifanya kibubu. Watoto walizunguka meza, mmoja anapima, mmoja anajaza, mmoja anakunja mdomo wa paketi juu ya rula na mwingine anapitisha mwali wa mshumaa taratibu. Paketi tatu za kwanza ziliungua. Jioni tulikuwa na paketi 50, kila moja bei 3,000. Tukizimaliza zote, ubaoni inasomeka 150,000. Toa dagaa, toa gharama, toa riba, faida 32,000. Walishangilia kabla hatujauza hata moja.

Wiki mbili

Wiki ya kwanza paketi 20 ziliondoka. Nasema ziliondoka kwa makusudi, kwa sababu 8 ndizo zilizolipiwa. Nyingine 12 ziliandikwa kwenye kauntabuku, na waliokopa, nitasema tu, ni walimu wenzangu. "Niandikieni mbili, mshahara ukitoka." Watoto wangemkatalia nani? Mwalimu wa taaluma anayewashikia fimbo asubuhi? Kopo lilikuwa na 8,000 za mwanzo na 24,000 za mauzo, jumla 32,000. Ijumaa wakapeleka 31,500. Ikabaki mia tano, na walitembea kwa maringo siku ile.

Wiki ya pili zikaondoka 18. Za fedha mkononi zilikuwa 5, yaani 15,000. Nyingine 13, kauntabuku.

Alhamisi mweka hazina alipindua kopo mezani. Shilingi 15,500. Kesho yake tunadaiwa 31,500.

Hapo nikawaandikia ubaoni hesabu mbili, moja kushoto na nyingine kulia. Kushoto: paketi 38 zimeuzwa, mauzo 114,000, dagaa waliomo ndani ya paketi hizo walitugharimu 76,000, gharama 12,000, riba ya wiki mbili 3,000. Faida 23,000. Kulia: kwenye kopo 15,500, rejesho 31,500. Pengo 16,000.

Wakanyamaza. Halafu mmoja, sauti ya kulalamika kabisa: "Mwalimu, sasa tumepata au tumekosa?"

Ningeweza kuishia hapo mwaka mzima. Wafanyabiashara wengi wanaofilisika hawafi kwa kuuza kwa hasara. Wanakufa wakiwa na faida daftarini, wamezungukwa na wateja ambao bado hawajawalipa, siku ambayo mkopeshaji amefika na kopo halina kitu. Vitabu vya watoto kuhusu fedha, nilivyovisoma mimi, husema weka akiba, usikope ovyo, lipa kwa wakati. Hakuna kinachomwambia mtoto kwamba biashara nzuri inaweza kuanguka Ijumaa kwa kukosa shilingi ambazo zitaingia Jumatatu. Na methali zetu hazisaidii sana hapa. Kukopa harusi, kulipa matanga: wote wanaijua, walinisomea kwa sauti moja. Lakini anayesemwa humo ni mtu aliyekopa akala. Aliyekopa akanunua bidhaa na bidhaa ikauzika, shida yake ni nyingine, nayo ni ya kalenda.

Tena, wiki hiyohiyo mwezi ulikuwa mkubwa. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na mbalamwezi hawakusanyiki kwenye mwanga, na mitumbwi mingi hupumzika mpaka siku za giza zirudi. Mwezi ulikuwa kamili tarehe 12, mvua nayo ilikuwa haiwaachi wanaoanika, na mama wa Kibirizi alikuwa amepandisha kilo kutoka 20,000 hadi 25,000. Hata kama tungekuwa na fedha ya kununua tena, tungenunua kwa bei iliyokula sehemu kubwa ya faida. Mtoto wa mvuvi yeyote angeweza kuniambia tarehe za mwezi kabla sijasaini fomu. Sikuuliza.

Kikao cha Alhamisi

Nilikaa pembeni nikawaacha. Mawazo yalitoka mengi na nayaandika yalivyotoka, maana karibu yote ni mambo ambayo makampuni makubwa hufanya kwa majina ya kifahari.

La kwanza: twende Kibirizi tukachukue mali kauli, tuuze, tulipe kikundi. Katibu akalikata: "Hiyo ni kuchimba shimo kufukia shimo." La pili: paketi 12 zilizobaki tuziuze zote kwa mwenye duka wa jirani kwa 2,500 fedha taslimu. Hesabu ikaonyesha 30,000, inatosha kabisa, ila kila paketi tunaacha mia tano mezani. Likaandikwa ubaoni kama akiba ya mwisho. La tatu lilitoka kwa mvulana ambaye hisabati yake huwa ya wastani: tumpe mwenye duka kauntabuku yenyewe. Walimu wanadaiwa 75,000. Atupe 65,000 leo, mwisho wa mwezi akusanye zote yeye. Wenzake walimzomea, eti utauzaje deni? Nikawaambia zipo benki zinazofanya hivyohivyo, kampuni inapeleka ankara ambazo wateja hawajalipa, inapewa fedha pungufu leo, na benki inasubiri. Yule mvulana alikaa wima mpaka kikao kinaisha.

Wazo la nne ndilo lililowasha moto. "Wao wanatudai, na sisi tunawadai. Si tukatane?"

Lilikuwa zuri mno, nikamwita mweka hazina wa kikundi, ambaye ndiye huyohuyo mwalimu wa taaluma, aje alijibu mwenyewe. Alisimama mlangoni, chaki kwenye vidole, akasema hapana. Kikundi ni kikundi. Fedha ya sandukuni ni ya watu 31, na wengine humo hawajawahi kuonja dagaa wenu. Mimi nikila paketi nadaiwa mimi. Wanachama wenzangu hawawezi kulipa tumbo langu. Watoto walinung'unika, lakini alikuwa sahihi kabisa, na nashukuru jibu lilitoka kwake. Kwamba chombo na watu waliomo ndani yake ni pande mbili tofauti kwenye deni, hilo hata watu wazima hulielewa wakiwa mahakamani.

Ndipo mwenyekiti, msichana mkimya mwenye sauti ya mtu aliyezoea kulea wadogo zake, akasimama na kauntabuku. "Shikamoo mwalimu. Tunaomba kuongea kabla Ijumaa haijafika." Akasema wazi kwamba kesho hawana 31,500. Wana 15,500. Wanaomba wiki hii na ijayo walipe riba peke yake, na mtaji wote uliobaki, 90,000, walipe tarehe 28 mishahara ikishatoka.

"Nitajuaje kwamba mtalipwa?"

Akafungua ukurasa. "Majina yote yapo humu, mwalimu. Lako liko mstari wa nne. Paketi tatu."

Sijui niliangalia wapi. Mwalimu wa taaluma aliangalia mstari wa nne.

Alikubali, kwa masharti, na masharti yake yalikuwa ya mkopeshaji mzuri. Riba ya 1,500 haisimami. Faini ya kusogeza ni 2,000, kama kwa mwanachama mwingine yeyote. Kauntabuku inafunguliwa mbele yake kila Ijumaa aone nani amelipa. Na kuanzia leo hakuna kukopesha tena paketi hata moja. Kauntabuku ikageuka kuwa dhamana: si nyumba, si kiwanja, ila orodha ya watu wanaoaminika kulipa. Aliyesema maskini hana dhamana hajaona daftari lililoandikwa vizuri.

Tofauti kubwa niliyoiona siku ile ilikuwa Alhamisi badala ya Jumamosi. Mkopaji anayekuja kabla ya siku anaitwa mteja mwenye shida. Anayekuja baada ya siku ndiye mama hayupo.

Punje 48

Mpaka hapo bado sikuwa nimeliona kosa langu. Lililetwa na maharage.

Nilitaka kuwaeleza riba. Nikachukua punje 12 za maharage, kila punje 10,000, nikazipanga mezani. Mkopo ni hizi. Kila Ijumaa, kwa mpango wa mwanzo, tunarudisha punje tatu. Wiki ya kwanza tunafanya biashara na punje ngapi? 12. Ya pili? 9. Ya tatu 6, ya nne 3. Mmoja akajumlisha kimoyomoyo: 30. Halafu akauliza, bila mimi kumchokoza: "Na riba tumelipia ngapi?"

Riba ilipigwa kwa punje 12 kwa wiki zote nne. Ni 48.

"Kwa hiyo tumelipia 48, tumetumia 30."

Ndivyo. Asilimia 5 iliyoandikwa kwenye fomu, kwa fedha tuliyokuwa nayo kweli mkononi, ni asilimia 8. Kikundi hakikuficha kitu na hakikuiba. Ndivyo riba inavyopigwa kwenye vikundi vingi, kwa mtaji wa mwanzo badala ya salio. Lakini kama tangu siku ya kwanza ningeomba kulipa kwa mkupuo mwisho wa mwezi, shilingi 6,000 zilezile zingetupa punje 48 kamili, asilimia 5 ingekuwa asilimia 5, na ile Alhamisi ya pengo isingekuwepo. Wateja wetu hulipwa mara moja kwa mwezi. Mimi nimewafunga watoto kulipa kila wiki. Fomu ilikuwa imetengenezwa kwa mtu wa genge anayeuza nyanya kila siku, nami nikaivaa kama shati la kuazima.

Niliwaambia kwamba kosa ni langu. Walikaa kimya kidogo, kisha mtoto mmoja akaanza kueleza habari ya baba yake.

Baba yake ana mtumbwi. Alikopa akanunua injini, marejesho kila mwezi. Mwaka 2024 serikali ilipumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu ziwa limefungwa, marejesho hayakufungwa. "Baba aliuza nyavu kulipa injini," akasema, "ziwa lilipofunguliwa tukawa na injini, hatuna nyavu." Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetoa mfano wa hesabu. Nikamuuliza, kwa maoni yake kosa lilikuwa wapi. Akasema baba angeomba miezi ile mitatu isihesabiwe, na kama mkopeshaji asingekubali, basi angejua mapema aanze kuweka tangu Januari.

Sina hakika kama kuna mkopeshaji angekubali. Sina shida na kufungwa kwa ziwa. Anayekula dagaa wa miaka ijayo ni huyuhuyu mtoto. Ila mkopo wa injini ya kuvulia ambao haujui kwamba ziwa linaweza kufungwa, au kwamba kila mwezi kuna siku za giza na siku za mbalamwezi, umeandikwa na mtu anayekaa mbali na maji.

Mji wetu wenyewe ulijengwa na mikopo ya namna nyingine. Misafara ya karne ya 19 iliyofika Ujiji kutoka pwani kupitia Tabora ilibeba nguo na shanga zilizochukuliwa kwa mkopo kwa matajiri wa Zanzibar. Tippu Tip mwenyewe aligharimiwa na mfanyabiashara wa Kihindi, Taria Topan, na deni lililipwa msafara uliporudi na pembe za ndovu, na, tusiwafiche watoto, biashara ile ilikuwa na watu waliofungwa minyororo pia. Wakopeshaji wale hawakuwa malaika. Ila hakuna aliyeandika rejesho la kila Ijumaa kwa mtu aliyekwenda Manyema, ng'ambo ya ziwa.

Mzazi aliyekuja na swali la riba

Kati ya wiki ya pili na ya tatu mzazi mmoja alifika ofisini. Alisalimia kwa heshima, akakaa, akasema mwanawe ameleta nyumbani hesabu za riba, na riba kwao ni haramu. Anamtaka mtoto aendelee na klabu lakini asishiriki jambo lile. Ujiji ni mji wa Waislamu wengi na nilipaswa kulifikiria kabla ya kuletwa na mzazi. Nilimwomba radhi. Halafu nikamuuliza: mtu akinunua dagaa kwa 20,000 akakuuzia kwa 22,000, ulipe baada ya wiki mbili, na mmekubaliana bei tangu mwanzo? Akasema hiyo ni biashara, mradi bidhaa ni yake kweli wakati anauza na bei haipandi ukichelewa.

Nililipeleka klabuni kama lilivyo. Nusu walisema ni kitu kilekile, elfu mbili ni elfu mbili. Nusu wakasema hapana: kule fedha inazaa fedha, na ukichelewa inaendelea kuzaa, huku umeuziwa dagaa, na bei imekwishafungwa. Niliwaeleza kwamba benki zinazofuata misingi ya Kiislamu hufanya hivyo kwa jina la murabaha, inanunua kitu inakuuzia kwa faida inayojulikana, na kwamba hapa Tanzania benki ya kwanza kufuata misingi hiyo kikamilifu ilianza mwaka 2011. Sikutoa hukumu nani ana haki. Si kazi ya mwalimu wa hisabati. Nilichotaka waone ni kwamba gharama ya kusubiri lazima ikae mahali fulani, ama kwenye riba ama kwenye bei, na aliyeahidi kwamba haipo popote ameificha.

Tulivyofunga

Wiki ya tatu, bila kukopesha, zikauzwa paketi 7 tu. Watoto walilalamika kwamba masharti yanaua biashara, na walikuwa na hoja: anayekataa kukopesha huuza kidogo. Lakini kopo likawa zito. Baada ya riba za Ijumaa mbili lilikuwa na 33,500. Wiki ya nne mishahara ikatoka, walimu wakalipa 66,000, paketi 5 za mwisho zikaleta 15,000. Tarehe 28 mwenyekiti alihesabu 93,500 mbele ya sanduku: mtaji 90,000, riba 1,500, faini 2,000. Kopo likabaki na 21,000 badala ya 32,000.

Pengo la 11,000 lina maelezo. Faini 2,000. Na 9,000 ni mwalimu aliyepata uhamisho katikati ya mwezi akaondoka na paketi zetu tatu tumboni. Watoto walitaka apigiwe simu. Nilipiga, alicheka, akaahidi. "Mwalimu," mweka hazina akasema, neno la mikopo isiyolipika alilolisikia redioni, "hilo lishakuwa chechefu." Alitaka alifute. Katibu akakataa, akasema linafutwa kwenye faida, halifutwi kwenye kauntabuku. Ndivyo hasa benki inavyofanya, na hakuna aliyewafundisha.

Raundi ya pili inaendelea ninapoandika. Safari hii walikwenda Kibirizi wao wakiongoza, wakamwambia mama wanachukua mali kauli: kilo tano kwa 22,000, kulipa 110,000 baada ya wiki mbili, na walichagua kuchukua siku za giza dagaa wakiwa wengi. Gharama walitoa kwenye faida yao wenyewe. Leo ni Jumatano. Zimeuzwa paketi 33, zote fedha mkononi, na kopo lina 108,000. Ijumaa ni siku ya mama.

Mchana mwalimu wa taaluma alipita mezani kwao. "Niandikieni moja," akasema. Mwenyekiti hakukataa wala hakuandika. Kauntabuku mpya ina safu wameichora wenyewe kwa kalamu nyekundu, pembeni ya jina na idadi, imeandikwa Lini. Aliligeuza daftari likamwelekea mwalimu, akaweka kalamu juu ya safu hiyo, akasubiri.